Uvimbe wangu titini ulikuwa salama, nikasema na wa kila mtu ni hivohivo

Mwaka 2011 nilikuwa nasoma chuo Iringa, nimepanga chumba Kihesa na wasichana wengine wawili, ilikuwa mwezi wa sita na baridi ya kule wanaoijua wanaijua, sisi tulikuwa tunaoga mchana jua likiwaka maana asubuhi huthubutu. Siku hiyo najipaka sabuni nikagusa kitu ziwa la kushoto, juu kidogo ya chuchu kuelekea kwapani, kitu kama gololi. Nikakibonyeza kikateleza kikakimbilia pembeni, nikakitafuta nikakikuta sehemu nyingine kabisa. Hakiumi hata kidogo. Nikasimama pale bafuni mpaka maji yakapoa kwenye ndoo, kichwani nina neno moja tu, saratani, nina miaka 21 na tayari nawaza nani atamwambia mama.

Sikumwambia mtu siku nne. Nilikuwa nakishika kila saa, darasani nakishika juu ya sweta, usiku nakishika, nikihisi kimekua kumbe ni mimi nimekiminya mpaka pakavimba. Siku ya tano mama mwenye nyumba akanikuta nalia uani nafua, akaniuliza nimefiwa au nimefeli, nikamwonyesha. Akaniambia, "Mwanangu, hicho hakitatoka kwa machozi. Kesho saa moja uwe umevaa." Na kweli kesho yake akaacha genge lake akanipeleka.

Daktari alikuwa mama wa makamo, hakuwa na haraka. Aliniuliza maswali mengi kabla hata hajanishika, nina miaka mingapi, hedhi ya mwisho lini, kwenye ukoo wetu kuna mama, dada, shangazi au bibi aliyewahi kuugua saratani ya titi au ya vifuko vya mayai ya uzazi, natumia njia gani ya uzazi, nimewahi kupigwa au kuumia kifuani. Halafu akanipima nimekaa, mikono juu, mikono kiunoni, kisha nimelala mkono nyuma ya kichwa, akapima matiti yote mawili hata lile lisilo na kitu, na makwapani, na juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Alitumia nyama za vidole, sio ncha, anazungusha polepole. Nilikuwa sijawahi kuona mtu anapima titi, mi nilikuwa nafinya tu kama nafinya parachichi sokoni, na ukifinya hivo kila titi lina mavimbe maana titi lenyewe kwa kawaida lina vinundunundu vya tezi.

Akaniandikia altrasaundi. Nikamuuliza mbona sio ile mashine ya kubana titi ninayoisikia redioni, akasema ile ya mamogramu inafaa zaidi kwa wakubwa, kwa msichana wa umri wangu titi bado limejaa tezi, picha inatoka nyeupe kila mahali na uvimbe nao ni mweupe, utauonea wapi. Altrasaundi ikaonyesha kitu cha mviringo, kingo zake laini, sentimita moja na nusu hivi. Wakanichoma sindano nyembamba wakavuta chembechembe zikapelekwa maabara. Wiki moja baadaye jibu likatoka, faibroadenoma.

Akanieleza kwamba titi lina tezi za kutengeneza maziwa na kuna nyuzinyuzi za kuzishikilia, sasa kwa wasichana na wanawake vijana wakati mwingine sehemu moja inakua kuliko wenzake, homoni ya estrojeni inaichochea, inajikusanya inakuwa kama mpira mdogo. Inateleza kwa sababu haijashikana na kitu. Ni ya kawaida sana kati ya miaka kama 15 na 35, na hii ya kawaida sio saratani na kugeuka kuwa saratani ni nadra sana. Kama ni ndogo na imeshathibitishwa sio lazima kukatwa, nirudi baada ya miezi sita waangalie, nikipata mimba inaweza kukua kidogo nisishtuke ila nije waione, na ikikua haraka au ikipita sentimita tatu hivi tutaongea habari ya kuitoa.

Nilitoka pale natembea kama nimeshushiwa gunia la viazi mgongoni. Na hapa ndo nilipokosea, kosa ambalo limenifanya niandike haya yote.

Likizo nilienda Tukuyu, kulikuwa na harusi ya binamu yangu, wanawake tumekaa nyuma ya nyumba tunamenya ndizi, mabinti, mama zetu, shangazi zetu wote wapo. Nikawasimulia habari yangu yote, nilivyolia, nilivyoogopa, wakacheka na kunipa pole. Mmoja akauliza, sasa mtu atajuaje kama ni kibaya? Nikajibu kwa kujiamini, msomi wa chuo, nikasema, "Kisichouma hakina shida." Maneno matatu. Ya sindano sikusema, na ya maabara sikusema, wala ile wiki moja ya kusubiri. Nilisema jibu langu kana kwamba ni jibu la kila mtu.

Shangazi yangu alikuwa amekaa mbele yangu na kisu mkononi.

Miaka mitano baadaye mambo yakaja kuyapa nguvu yale maneno. 2016 nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, tunakaa Uyole, wiki ya tatu chuchu ya kulia imepasuka kwa sababu mtoto alikuwa ananyonya ncha tu, hakuwa anaingiza ule weusi wa kuzunguka chuchu mdomoni, na mi nilidhani kunyonyesha kunatakiwa kuume hivo. Usiku mmoja nikaanza kutetemeka, nikafunikwa blanketi mbili na bado natetemeka, ziwa limekuwa jekundu kama kabari upande mmoja, la moto, gumu, ukiligusa natamani kupiga kelele. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na sitaki mtu amwone mbaya, akasema mtoto amecheulia ziwa. Dawa yake ni kitambaa cha maji ya moto na kukanda kwa nguvu mpaka maziwa mabaya yatoke, na mtoto asinyonye upande ule maana atameza ugonjwa.

Basi nikakandwa siku tatu. Kwakweli uchungu wa kuzaa niliuona mdogo. Na kadri mtoto asivyonyonya ndivyo maziwa yalivyojaa, ndivyo ziwa lilivyokaza. Duka la dawa walinipa vidonge vya rangi mbili bila hata kuniuliza ziwa likoje, nikameza siku mbili homa ikapungua nikaacha, ikarudi na nguvu zote. Siku ya nane pakatokea sehemu inabonyea, laini katikati ya ugumu, ngozi inang'aa.

Hospitalini nesi mmoja, nilikuwa namwita sista na hakuchoka na maswali yangu, ndiye aliyenielewesha. Mwanzo ule, kabla ya usaha, unaitwa mastaitisi, tezi zimevimba kwa maziwa kutotoka vizuri na mara nyingi vijidudu vinapitia pale chuchu ilipopasuka. Mtoto hatakiwi kuachishwa, maziwa yale hayamdhuru mtoto mzima wa afya, na kunyonya kwake ndo kunakosaidia maziwa yatembee. Kukanda kwa nguvu kunaumiza tezi zilizokwisha kuumia, unatakiwa kugusa kwa upole na kuweka kitu cha baridi kupunguza uvimbe, unakunywa dawa ya maumivu, na antibayotiki ukiandikiwa unamaliza dozi hata kama homa imekwisha siku ya pili. Aliniuliza pia kama nimepima VVU wakati wa kliniki. Nilikuwa nimepima na sina, akasema anauliza kwa sababu mama mwenye VVU akipata mastaitisi au jipu ushauri ni tofauti, anapumzisha lile titi bovu anakamua na kumwaga, mtoto anaendelea na lile zima. Huku kwetu nyanda za juu kusini swali hilo sio la kumtukana mtu, Njombe, Iringa na Mbeya tumekuwa kwenye mikoa yenye maambukizi makubwa kwa miaka mingi, mtu akikuuliza mjibu.

Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye jipu. Wakaangalia kwa altrasaundi, usaha umejikusanya, wakaniambia majipu mengine yanavutwa kwa sindano na kurudiwa siku kadhaa lakini langu lilikuwa kubwa na ngozi imeshachoka, likapasuliwa. Nikarudi kusafishwa kidonda wiki nzima na zaidi. Mtoto aliendelea kunyonya la kushoto, la kulia nikawa nakamua, na baada ya muda akarudi kunyonya yote mawili. Kovu ninalo mpaka leo, kama mstari wa kalamu.

Na ile gololi ya Iringa? Ilikuwepo upande wa pili, ilikua kidogo kwenye mimba kama nilivyoambiwa, ikarudi.

Sasa fikiria familia yetu imejifunza nini hapo. Kilichouma kilinipeleka kupasuliwa, kisichouma kikawa hakina shida. Mara mbili, kwa mtu yuleyule, tena mtu aliyesoma. Hakuna tangazo la redio lingeweza kushindana na ushahidi wa namna hiyo. Kumbe saratani ya titi kwa wengi mwanzoni haiumi. Hilo ndo jambo ambalo ningetamani mtu anitwange nalo kichwani mwaka ule wa harusi.

Mwaka 2020 mwezi wa tatu nilienda Isongole kumsaidia shangazi kuvuna viazi. Ana miaka 51 wakati huo, mwanamke wa shamba hasa, mgongo wake haujawahi kulala. Mvua ikatukuta shambani, tukarudi tumelowa mpaka ndani, tukaingia jiko la nje kubadilisha nguo karibu na moto. Akavua blauzi, nikaona. Chuchu ya kulia imeingia ndani kama imevutwa na uzi. Ngozi ya chini yake ina vishimovishimo kama ganda la chungwa. Akajifunika kanga haraka lakini macho yetu yalishakutana.

"Shangazi, hicho ni nini?"

"Si kama kile chako cha Iringa, mwanangu. Hakiumi."

"Kina muda gani?"

"Tangu mahindi ya mwaka juzi."

Nikaomba nishike. Kigumu kama kokwa la parachichi, hakina umbo la kueleweka, na nilipokisukuma hakikuteleza, lilitikisika titi zima pamoja nacho. Kwapani kuna kingine kidogo. Viazi tulivyochomeka kwenye majivu vikaungua na hakuna aliyeinuka kuvitoa.

Sikulala usiku ule. Nilikuwa nahesabu, mahindi ya mwaka juzi, yaani karibu miaka miwili, na muda wote huo nimekuja pale si chini ya mara tano, nimekula kwake, nimelala kitanda kimoja naye, na yeye amenyamaza kwa sababu mimi nilishamwambia asiwe na wasiwasi.

Kumtoa nyumbani haikuwa siku moja. Mume wake alitaka kwanza aende kwa mtu wa dawa za miti, sio kwa ubaya, ndo alivyokuzwa. Jirani akaja na ile habari ambayo nadhani imeua wanawake wengi kuliko tunavyojua, kwamba uvimbe ukiguswa na kisu au sindano unakasirika unasambaa, akataja mama fulani wa kijiji cha pili alipasuliwa akafa mwezi huohuo. Nilikuja kumuuliza daktari hilo swali mbele ya shangazi makusudi ili alisikie kwa masikio yake. Daktari akasema kuchukua kipande cha kupima hakuigeuzi hatua ya ugonjwa, wanaokufa baada ya kukatwa wengi wao walifika ugonjwa umeshatembea, kisu kinalaumiwa kwa kuwa ndicho kilichoonekana mwisho. Shangazi akatikisa kichwa, akasema, "Basi nichome."

Hospitali ya rufaa Mbeya wakampima. Safari hii kulikuwa na mamogramu kwa sababu ya umri, na altrasaundi ya titi na kwapa, na bayopsi ya sindano nene, wanapiga ganzi kwanza halafu kile kifaa kinalia ta! kama stepla, kinatoka na kijinyama chembamba kama uzi. Daktari alituambia jambo nililolishika, anataka vitu vitatu vikubaliane, mkono wake, picha, na maabara. Vikisema kitu kimoja vyote vitatu tunaenda navyo, kimoja kikipingana tunarudia. Mimi mwaka 2011 nilifanyiwa vyote vitatu, nikatoka nikawaambia watu kimoja tu, hakiumi.

Kusubiri majibu ndo sehemu ngumu na sina maneno yake. Shangazi alirudi shamba akapalilia.

Ilikuwa saratani, hatua ya tatu. Maabara ilionyesha pia kwamba uvimbe wake unalishwa na homoni, na daktari akasema ndani ya habari mbaya hiyo ni nzuri, maana kuna dawa ya vidonge inayoufungia mlango. Wakampiga picha ya kifua na altrasaundi ya ini kuangalia kama umetembea mbali, ukawa haujaonekana huko. Kwa kuwa ulikuwa mkubwa walianza na dripu za kupunguza uvimbe kwanza, nywele zikatoka zote, kucha zikawa nyeusi, kuna siku hata harufu ya mchele ukichemka alikuwa hawezi. Halafu wakaliondoa titi pamoja na tezi za kwapani. Halafu mionzi, na kwa mionzi tulipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Nani alikuwa amemwandaa mkulima wa Isongole kwa safari ile? Basi la alfajiri, Makambako, Mafinga, Iringa, mlima Kitonga anafumba macho, Mikumi, tunafika Dar usiku, joto analiona kama adhabu. Mionzi yenyewe ni dakika chache tu na haiumi, lakini ni kila siku Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo unahitaji pa kulala, nauli ya kila siku, na chakula. Tulikaa kwa ndugu Mbagala. Ng'ombe aliuzwa, na mavuno ya msimu mzima yakaisha huko. Kwenye benchi la kusubiri tulikaa na wanawake kutoka mikoa ya mbali kabisa na karibu kila mmoja simulizi yake ina ile sentensi, "kilikuwa hakiniumi." Nilikuwa naisikia nainamisha kichwa.

Siku moja pale benchi nilimwomba msamaha. Nikamkumbusha harusi, na ndizi, na nilichosema. Akanyamaza, akasema, "Wewe ulisema ulichoambiwa." Nikamwambia hapana shangazi, mimi niliambiwa baada ya kuchomwa sindano, nikawapa nyinyi nusu. Akanishika mkono, hakusema kitu kingine, na mpaka leo hatujalirudia.

Yupo hai. Anakunywa tamoksifeni, ile dawa ya kuufungia uvimbe mlango, kila siku kidonge kimoja, ameambiwa ni miaka mitano au zaidi na asikiruke hata akijisikia mzima. Mkono wa kulia unavimba akibeba ndoo nzito, kwa sababu tezi za kwapani zilizokuwa zinanyonya maji hazipo, kwa hiyo anaufanyia mazoezi aliyofundishwa na maji anachota mtoto.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizwa. Sokoni Mwanjelwa nina meza ya nguo za watoto na wanawake wanakuja, mmoja anajifanya anachagua soksi kumbe ana jambo. Na mimi sikuizi sisemi tena "hicho ni kitu fulani". Nasema ninachojua halafu namwuliza lini anaenda, nikiweza naenda naye.

Wanaokuja kwa wingi ni wa maumivu. Matiti yote mawili mazito, yanauma wiki moja kabla ya hedhi, hedhi ikianza yanapoa, mengine yana vinundu vinavyokuja na kuondoka. Hayo kwa wengi ni homoni tu za mwezi, hata mimi ninayo, daktari aliniambia niandike kwenye kalenda miezi miwili mitatu nione kama yanafuata hedhi, na yalifuata. Sidiria inayokaa vizuri inasaidia sana, na dawa ya kawaida ya maumivu. Kuna wa miaka arobaini na kitu wanapata vifuko vya maji, vinaweza kutokea ghafla kabisa, vikivutwa kwa sindano vinanywea palepale. Kuna mmoja aligongwa na ubao wa kitanda, baada ya wiki pakabaki kigumu, ilikuwa ni mafuta ya titi yamekufa pale alipoumia, ila ukikishika kwa mkono huwezi kukitofautisha na kibaya, na yeye alipimwa mpaka maabara ndo tukajua.

Wa majimaji ya chuchu nawauliza, yanatoka yenyewe au ukiminya? Titi moja au yote? Rangi gani? Ya maziwa kwa matiti yote kwa mtu asiyenyonyesha inaweza kuwa homoni au hata dawa fulani anazokunywa, aende na dawa zake zote mkononi. Ya damu, au majimaji yasiyo na rangi, kama maji ya kunywa, yanayotoka yenyewe kwenye tundu moja la titi moja, hayo hayangoji mwisho wa mwezi. Mara nyingi hukutwa ni kinyama kidogo kisicho saratani ndani ya mrija, lakini hilo ni la daktari kusema. Na mama anayenyonyesha akipewa antibayotiki ya mastaitisi, akamaliza dozi, na wekundu bado uko palepale, arudi, kwa sababu kuna saratani moja inayokuja na wekundu na joto inafanana kabisa na mastaitisi na inakimbia.

Kuhusu kuweka hela au simu kwenye sidiria, sisi wa sokoni wote tunaweka, hakuna ushahidi kwamba inaleta saratani, wala sidiria nyeusi, wala kulala nayo. Naumia nikiona mwanamke ametupa sidiria zake nyeusi zote lakini chuchu iliyoingia ndani hajaenda kuionyesha.

Na wanaume. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 14 alianza kuvaa sweta mchana wa jua, kumbe chuchu zimevimba na wenzake shuleni wanamcheka mpaka anajifunga kitambaa kifuani. Ni balehe, vijana wengi linawatokea na kwa wengi linaisha lenyewe ndani ya miezi mpaka miaka miwili, alihitaji tu mtu mzima amwambie. Lakini mwanaume mtu mzima akipata kigumu nyuma ya chuchu moja asiseme huo ni ugonjwa wa mama, kati ya saratani za matiti mia moja, moja hivi ni ya mwanaume.

Mwaka jana binti wa shangazi, ana miaka 19, amekuja kwangu Uyole, anaoga, akatoka na taulo akanishikisha. Gololi. Inateleza. Hakiumi. Moyo wangu ulitaka kusema lile lile la mwaka 2011, maana vidole vyangu vilikuwa vinaijua kabisa. Nikampigia mama yake. Shangazi hakuniuliza kinateleza au hakitelezi, aliuliza tu gari la kwanza kutoka Isongole linafika saa ngapi.

Tulikaa benchi sisi watatu. Dirishani walipoandika habari za ukoo shangazi alijibu yeye, "Mimi mama yake, titi la kulia, nilikuwa na 51," kwa sauti ya kawaida, watu wakageuka na yeye hakujali. Daktari akampima binti, akaangaliwa kwa altrasaundi, akachomwa sindano. Tukarudi nyumbani tukasubiri, na siku ya majibu tukarudi wote watatu. Faibroadenoma. Shangazi akaomba isomwe tena, ikasomwa, akauliza lini arudi kuangaliwa na kwa kuwa mama aliugua binti aanze kupimwa na umri gani, akajibiwa, akaikunja ile karatasi akaiweka kwenye bahasha moja na majibu yake mwenyewe.

Kwenye daladala binti akatoa simu akampigia rafiki yake, furaha imemjaa, "Jibu zuri! Hakuna shida kabisa, ni kitu cha kawaida tu!"

Shangazi akamgusa goti. "Mwambie na sindano. Mwambie yote."

Binti akaanza upya tangu mapokezi, namba tuliyopewa, daktari alivyomshika, ile jeli ya baridi ya altrasaundi, tukafika Uyole hajamaliza.